Bizimungu Yupi? Majina Yanayofanana na Watu Wasiohusiana

Tarehe 17 Mei 2011, katika jengo la mikutano la AICC hapa Arusha, Bizimungu alihukumiwa kifungo cha miaka 30 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda (ICTR), iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, mbele ya mahakama ileile, Bizimungu aliachiwa huru. Aliyezipata habari hizo mbili kwa vichwa vya habari tu angesema mahakama imegeuka, au jamaa ameshinda rufaa. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Walikuwa watu wawili wenye kesi mbili, na mpaka leo ukikaa na watu wa mjini wanaokumbuka enzi za mahakama ile utasikia mmoja akibebeshwa mzigo wa mwenzake. Wengine huongeza na wa tatu: "Huyo si ndiye aliyekuwa rais wao?" Siye.

Tuwapange. Augustin Bizimungu alikuwa jenerali. Alipewa ukuu wa jeshi la serikali ya Rwanda Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiwa yameshaanza, akakamatwa Angola mwaka 2002 na kuletwa Arusha. Huyu ndiye wa miaka 30, na rufaa yake ya mwaka 2014 haikumpunguzia hata mwaka mmoja. Casimir Bizimungu alikuwa waziri wa afya katika serikali ya muda ya miezi hiyohiyo. Alikamatwa Kenya mwaka 1999, akakaa mahabusu zaidi ya miaka 12, kisha majaji wakasema mashtaka dhidi yake hayakuthibitika. Pasteur Bizimungu alikuwa upande wa pili kabisa wa vita, upande wa RPF, waasi waliopigana na serikali hiyo, na ndiye aliyeapishwa kuwa rais Julai 1994 baada ya RPF kushinda. Aliondoka madarakani Machi 2000. Alikuja kushtakiwa Kigali kwa mambo ya baadaye, akahukumiwa miaka 15 mwaka 2004, akasamehewa na Rais Kagame mwaka 2007. Mahakama ya Arusha haikuwahi kumgusa.

Kwa nini basi tunawaunganisha haraka hivyo? Nadhani ni kwa sababu tunasoma majina ya majirani zetu kwa macho ya kwetu, na kwetu Kaskazini jina la mwisho lina kazi maalumu.

Panda gari la Kibosho au la Marangu, huko Uchaggani, jitambulishe kwa jirani yako kwamba unaitwa Mushi, na swali linalofuata linajulikana: "Mushi wa wapi?" Anayeuliza anakutafutia mahali pa kukuweka. Mushi, Massawe, Lyimo, Swai, Mosha, Tarimo, yote hayo ni majina ya koo, na ukoo una kihamba, yaani shamba la urithi, una wazee wake, una upande wake wa mlima. Mushi wawili wasiojuana wakihesabu mababu wanaweza kuangukia kwa mzee mmoja, au wakagundua kwamba hawahusiani kabisa. Ndiyo maana swali la "wa wapi" halikosekani. Hata katika siasa watu walilitumia: Augustino Lyatonga Mrema, Naibu Waziri Mkuu wa zamani aliyeshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa rais wa 1995, aliitwa Lyatonga, au Mzee wa Kiraracha, na kila mtu akajua ni yupi. Majina hayo yalizidi kuwa na faida alipotokea John Mrema, aliyesikika kwa miaka mingi akiisemea CHADEMA. Ukisoma "Mrema asema" bila mwaka wala jina la mbele, huna hakika unamsoma nani.

Upareni ni vivyo hivyo. Msuya ni mtu wa Wasuya, ukoo uliowahi kutawala Ugweno. Kwa hiyo tunapomsikia Cleopa Msuya wa Mwanga, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, halafu tukamsikia Joyce Msuya wa Umoja wa Mataifa, tunahisi mara moja kwamba kuna mizizi inayogusana mahali fulani huko nyuma, hata kama hatujui chochote kuhusu nyumba zao. Kwa Wamaasai na Waarusha koo kubwa kama Laizer na Mollel zimegeuka kuwa majina ya mwisho ya maelfu ya watu. Askofu Thomas Laizer aliongoza Dayosisi ya Kaskazini Kati ya kanisa la Kilutheri, KKKT, mpaka alipofariki mwaka 2013. Michael Lekule Laizer alikuwa mbunge wa Longido. Saniniu Laizer ni yule mchimbaji wa Mirerani ambaye Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, na Rais Magufuli akampigia simu mbele ya umati. Jina ni moja, ila askofu, mbunge na bilionea wanahusiana kwa ukoo mpana tu, ule wenye watu kuanzia Kenya mpaka kusini ya Simanjiro. Kumwuliza Laizer wa Longido habari za fedha za tanzanite ni kumchosha bure.

Sasa chukua mazoea hayo uyapeleke Rwanda, uone yanavyokupoteza.

Kule mtoto hupewa jina lake mwenyewe siku chache baada ya kuzaliwa, na kwa kawaida jina hilo halitoki kwa baba wala halimtaji ukoo wake. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Majina mengi yanamtaja Imana, Mungu, kwa sala au kwa shukrani, na kwa kuwa sala za wazazi hufanana, jina moja hujirudia nchi nzima katika nyumba zisizojuana. Ubatizo ukaleta jina la mbele, Augustin, Casimir, Pasteur. Halafu zikaja fomu za ofisi zilizotengenezwa kwa ajili ya majina ya Kizungu, zenye nafasi ya jina na nafasi ya jina la familia. Jina la Kinyarwanda likaandikwa kwenye nafasi ya familia kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine ya kuliandika. Tangu hapo kila anayeisoma fomu ile, awe karani wa Arusha au mwandishi wa London, anaona familia mahali ambapo hakuna familia.

Butare ndiko jambo hili linakoonekana kwa uchungu zaidi. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyokuwa ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam ilitunguliwa Kigali. Ndani yake alikufa Rais Juvénal Habyarimana, yuleyule aliyekuwa hapa Arusha tarehe 4 Agosti 1993 kutia saini mkataba wa amani na RPF. Alikufa pamoja na mkuu wake wa jeshi, Jenerali Déogratias Nsabimana. Wakati huohuo, kusini mwa nchi, mkuu wa mkoa wa Butare alikuwa Jean-Baptiste Habyarimana. Huyu alikuwa Mtutsi, mkuu wa mkoa pekee wa Kitutsi katika nchi nzima, na kwa muda aliokuwa ofisini alijitahidi kuzuia mauaji yasishike katika mkoa wake. Katikati ya Aprili wakamwondoa, na baadaye wakamwua. Kiti chake akapewa Sylvain Nsabimana.

Soma tena majina hayo. Kwenye ndege Habyarimana na Nsabimana. Butare Habyarimana na Nsabimana. Ni watu wanne, na hakuna aliyepata jina lake kwa mwenzake. Mtu akiandika kwamba "Habyarimana aliwalinda Watutsi" ataitwa mwongo mchana kweupe, ilhali kuna Habyarimana mmoja aliyekufa kwa sababu hiyo hasa. Mimi naona mkuu huyo wa mkoa anaonewa mara ya pili: jina lake likitajwa, watu wanamwona rais. Kuna maandishi yanayomwandika Habyalimana, kwa l, na wako wanaodhani tahajia hiyo inawatenganisha. Haiwatenganishi, kwa kuwa katika Kinyarwanda l na r hubadilishana nafasi, na utakuta hata jina la rais limeandikwa hivyo hapa na pale.

Sylvain Nsabimana aliletwa Arusha. Kesi ya Butare ilikuwa na washtakiwa sita, ikachukua miaka, hukumu ikasomwa tarehe 24 Juni 2011, na rufaa yake ya Desemba 2015 ndiyo ikawa hukumu ya mwisho ya mahakama hiyo kabla ya kufunga milango tarehe 31 mwezi huo. Nsabimana alipewa miaka 25, ikapunguzwa kuwa 18. Katika kizimba hichohicho alikaa Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa zamani wa familia na maendeleo ya wanawake, pamoja na Arsène Shalom Ntahobali. Tazama majina hayo mawili. Hakuna herufi ya kuwaunganisha, na mtu wa Moshi asingewaza kuuliza kama ni ndugu. Ni mama na mwanawe.

Kabla hujaweka kanuni kwamba Rwanda jina moja maana yake watu wasiohusiana, kumbuka kesi ya Ntakirutimana. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana na Daktari Gérard Ntakirutimana walihukumiwa pamoja Arusha Februari 2003, mchungaji miaka 10, daktari miaka 25. Hao ni baba na mwana kweli. Baadhi ya familia zilizosoma na kuishi karibu na misheni ziliwapa watoto jina la baba kama Wazungu. Kwa hiyo kufanana kwa jina hakuthibitishi undugu, na kutofautiana hakuuondoi. Jina la Kinyarwanda peke yake haliwezi kukujibu swali la nani ni nani wa nani.

Yapo majina ambayo kuyachanganya ni kuwakosea marehemu. Juni 1994 maaskofu watatu Wakatoliki waliuawa Gakurazo pamoja na mapadre, na waliowaua walikuwa askari wa RPF. Wawili kati yao waliitwa Nsengiyumva: Vincent, Askofu Mkuu wa Kigali, na Thaddée, Askofu wa Kabgayi. Wa tatu alikuwa Joseph Ruzindana wa Byumba. Arusha nako kulikuwa na Nsengiyumva na Ruzindana. Kanali Anatole Nsengiyumva alishtakiwa pamoja na Kanali Théoneste Bagosora, akapewa kifungo cha maisha mwaka 2008, rufaa ikakishusha hadi miaka 15 mwaka 2011. Obed Ruzindana alikuwa mfanyabiashara, akahukumiwa miaka 25 mwaka 1999. Askofu na kanali, askofu na mfanyabiashara, hawana la kugawana isipokuwa jina walilochaguliwa na wazazi wao.

Mahakama nayo ilituongezea kazi, bila kukusudia. Kesi yenye washtakiwa wengi hubeba jina la mmoja, kwa kawaida yule anayetangulia kwenye hati ya mashtaka. Kesi ya mawaziri wanne iliitwa Bizimungu na wenzake, na Bizimungu huyo ni Casimir. Kesi ya jenerali iliitwa Ndindiliyimana na wenzake, kwa jina la Augustin Ndindiliyimana aliyekuwa mkuu wa jandameri, yaani polisi wa kijeshi. Matokeo yake, anayeitafuta "kesi ya Bizimungu" anaangukia kwa waziri aliyeachiwa, mkononi akiwa na habari za jenerali aliyefungwa. Na humo ndani ya kesi ya jenerali mlikuwa na Augustin wawili. Jengo zima lilikuwa nao watatu, ukimhesabu Augustin Ngirabatware, waziri wa zamani wa mipango. Wanasheria wenyewe ndiyo sababu walizungumza kwa namba.

Lisionekane kuwa tatizo la Wanyarwanda peke yao. Sisi tunaoishi hapa tunapita kila siku nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na si wachache wanaoamini umepewa jina la Karume. Kosa hili linaeleweka, kwa sababu linatoka kwenye utaratibu mwingine wa majina, ule wa pwani, ambao mtu hufuatisha jina lake na la baba, kisha la babu au la ukoo. Abeid Amani Karume alikuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar, akauawa Aprili 1972. Mwanawe Amani Abeid Karume aliiongoza Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Jina la babu limerudi mbele, la baba limekaa katikati, na asiyeyazoea majina hayo anayaona ni yaleyale yamekosewa mpangilio. Sheikh Amri Abeid ni mtu mwingine: Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi mkubwa wa Kiswahili, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere mpaka alipofariki mwaka 1964. Mshairi wa hadhi yake anastahili watazamaji wa mpira wajue wamekaa kwenye uwanja wa nani. Uwanja wa Karume upo, uko Ilala.

Jina la baba kuja mwisho lilimpata pia Kirilo Japhet wa Meru, aliyekwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwatetea Wameru waliohamishwa Engare Nanyuki. Kwa kuwa faharasa za Kizungu huanza na jina la mwisho, amegeuka Japhet, Kirilo, halafu anayenakili anasahau mkato, na Japhet Kirilo anazaliwa. Hapo mtu mmoja anakuwa wawili. Hilo ni gumu kuligundua kuliko watu wawili kuwa mmoja, maana kila nusu ya habari zake inajitosheleza.

Marealle ni habari nyingine tena, kwa sababu hapo undugu upo kweli. Mangi Marealle aliyekutana na Mjerumani Hans Meyer wakati wa safari yake ya kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889, na Thomas Marealle aliyekuwa Mangi Mkuu wa Wachagga miaka ya 1950, ni babu na mjukuu. Uchaggani babu kurudi kwa jina la mjukuu ni jambo la heshima, ila msomaji akikuta "Mangi Marealle" tupu, atazame mwaka kwanza. Monduli nako wametoka mawaziri wakuu wawili, wote Edward na wote wabunge wa Monduli: Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984 akiwa madarakani, na Edward Ngoyai Lowassa, Waziri Mkuu kuanzia Desemba 2005 hadi alipojiuzulu Februari 2008. Vijana waliozaliwa baada ya 1984 huchanganya maneno yao. Sokoine ndiye aliyeendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, Lowassa ndiye aliyegombea urais 2015 kupitia CHADEMA. Na usimchanganye Fredrick Lowassa, mwanawe, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Monduli 2020, na Fredrick Sumaye wa Hanang, Waziri Mkuu wa miaka kumi ya Mkapa.

Dini nayo haisomeki kwenye jina. Jaji Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wa zamani wa Tanzania na aliyewahi kuwa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapa Arusha, alihesabiwa na wengi kuwa Mwislamu kwa jina la mwisho. Alikuwa mchungaji wa Anglikana.

Kwa majina ya kwetu, basi, uliza wa wapi na wa mwaka gani. Kwa majina ya pwani, uliza matatu yote kwa mpangilio wake. Kwa majina ya Kinyarwanda uliza cheo, mahali na mwezi, kwa kuwa mwaka 1994 mwezi mmoja ulitosha kumtoa mtu ofisini na kumweka mwingine mwenye jina la marehemu. Kama ni mtu wa mahakama ile, iache kabisa habari ya majina na uanze na namba. Kumbukumbu zote zimehamishiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, kwenye majengo ya taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi hiyo, na hukumu zinasomwa bure kwenye intaneti. Casimir Bizimungu yuko katika ICTR-99-50. Augustin Bizimungu yuko katika ICTR-00-56, na namba ya rufaa yake ina herufi B baada ya 56. Ukurasa wa kwanza wa kila hukumu una jina kamili la mshtakiwa, na aya zinazofuata zinataja alizaliwa wilaya gani na alishika cheo gani hadi lini. Pasteur humkuti katika orodha ya washtakiwa. Ukikutana na mtu anayekuambia rais wa zamani wa Rwanda alifungwa Kisongo, walikowekwa mahabusu wa mahakama ile, mwombe namba ya kesi.